Mikono Juu ya Usukani

Twalib wa Kinyerezi ana adabu zake, Mungu amzidishie. Polisi akimsimamisha, hamjibu akiwa amekaa. Atateremka garini, atatoa mkono, atauliza na habari za watoto. Ndivyo alivyolelewa kwao Mbagala.

Lakini tangu duka lake la vifaa vya ujenzi livunjwe mara mbili, Twalib ana bastola. Anaimiliki kihalali. Huivaa kiunoni, ndani ya kimkoba, na leseni ameikunja humo humo.

“Ili visiachane,” humwambia mkewe, Zuena.

Asubuhi moja walikuwa wanakwenda Pugu kumwona mgonjwa. Polisi wawili, Sajenti Kamugisha na mwenzake, wakawasimamisha. Twalib akateremka haraka, anatabasamu.

“Habari za kazi, afande! Mie nina silaha. Leseni yangu hii hapa.”

Mkono ukaenda kiunoni.

Zuena akamwona askari wa pili anainua bunduki. Yarabi! Anaachwa mjane mchana kweupe!

Lakini Sajenti Kamugisha hakupiga kelele. “Mzee wangu, usitoe kitu. Weka mikono juu ya boneti. Taratibu.”

Twalib akatii. Sajenti akakichukua kimkoba mwenyewe, akasoma leseni, akamrudishia vyote. Kisha, wallahi kuna watu wameumbiwa kazi yao, akamweleza kwa upole kama anamweleza babake.

“Leseni yako ni halali, mzee. Ila mie moyo wako siuoni, naiona mikono yako. Siku nyingine baki umekaa. Mikono iwe juu ya usukani. Sema silaha iko wapi na leseni iko wapi, kisha subiri uambiwe.”

“Nikae mbele ya afande? Si utovu wa adabu huo?”

“Hiyo ndiyo adabu yenyewe. Na leseni usiiweke pamoja na silaha.”

Siku ile ile Zuena akaihamishia leseni kwenye mfuko wa shati la mumewe.

Wiki tatu baadaye wakasimamishwa tena, na askari mwingine. Zuena akashika kiti. Twalib hakuteremka. Mikono ilikuwa juu ya usukani.

“Habari za kazi, afande. Nina bastola kiunoni, upande wa kulia. Leseni iko mfuko wa shati. Nifanyeje?”

“Ahsante kwa kunieleza, mzee. Toa leseni, taratibu.”

Akaisoma, akairudisha. “Safari njema.”

Zuena akashusha pumzi. “Leo mume ninaye!”

“Lakini habari za watoto sijamuuliza,” Twalib akanung’unika.

Askari alikuwa bado dirishani. Akacheka. “Hawajambo, mzee wangu.”