Redio Waliyosema Imekufa

"Soma tena," Stumai alisema. "Hapo pa mwisho."

Melkizedeki aliisogeza karatasi kwenye mwanga. Darasa la pili halikumfikisha mbali na mwandiko wa kalamu, lakini mhuri wa kijiji aliujua, na alijua pia kwamba karatasi yenye mhuri haileti heri kwenye nyumba ya mnyonge.

"'Unaarifiwa kwamba Jumamosi, saa nane mchana, mbele ya mkutano wa kijiji, wazee wa ukoo watakukabidhi kwa shemeji yako Ndugu Antipasi, Mwenyekiti, ili amwinulie marehemu ndugu yake jina. Unatakiwa kufika bila kukosa.' Basi. Chini kuna sahihi."

"Ya nani?"

"Ya Antipasi."

"Kwa hiyo bwana harusi, mshenga na mpiga mhuri ni mtu mmoja."

"Nchi ilipata uhuru wake, naye akapata mhuri wake," Melkizedeki alisema, akairudisha karatasi kama mtu anayerudisha nyama iliyooza.

Walikuwa kwenye kibanda chake cha ufundi, pembeni mwa kijiji kipya cha Umoja, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Ihanja. Mezani palikuwa na redio tatu za watu wa Ikungi zimefunguliwa matumbo. Melkizedeki alikuwa fundi wa redio, na ufundi wenyewe aliupata kwenye mashamba ya mkonge, kwa kuchungulia begani kwa wenzake. Mkewe Anastazia alikufa kwa uchungu wa kuzaa mwaka wa tatu sasa. Gari la kumpeleka hospitali lilikuwepo, lakini siku hiyo lilikwenda kubeba wageni wa sherehe. Tangu hapo Melkizedeki hakumpigia kiongozi yeyote makofi.

Stumai naye alifiwa na mumewe Damiani mwaka uliopita, bila mtoto. Kwa mila, mdogo wa marehemu alikuwa na haki ya kumrithi. Mdogo huyo ndiye Mwenyekiti Antipasi, mwenye mke wake Dorkas na watoto watano.

"Sasa nisikilize," Melkizedeki alisema. "Nilikuwa dukani kwa Manase, Ihanja. Redio yake ile ya plastiki, kelele nyingi kifua hakuna, si kama zile za mbao. Redio nzuri lazima iwe na kifua, mimi nimesema siku zote..."

"Fundi."

"Nakuja huko huko. Redio ilisema kuna sheria mpya ya ndoa. Mjane harithiwi kama jembe. Kipindi kinarudiwa kila Jumamosi, saa kumi."

Stumai alimtazama. "Nani mwingine amesikia hapa kijijini?"

"Atasikia na nini? Redio ya kijiji si wamesema imekufa?"

Redio ya kijiji. Hilo lilikuwa donda. Redio ile ilikuwa yake, aliinunua kwa jasho la mkonge. Ofisi ya kijiji ilipofunguliwa, Antipasi alisimama mbele ya watu akasema hapa hakuna changu wala chako, akaibeba. Miezi miwili watu walikusanyika ofisini kusikiliza habari na salamu. Mwezi wa tatu ikatangazwa kwamba imekufa. Melkizedeki alipoomba kuifungua aliambiwa hiyo ni mali ya umma, haiguswi na fundi wa kibandani. Asubiriwe fundi wa wilaya. Miezi mitano ikapita, fundi wa wilaya hajaonekana hata vumbi lake.

"Ukisema wewe peke yako, watasema umejitungia," Stumai alisema. "Wanaona ninavyokuja hapa."

"Waone."

"Wewe mwanamume, unaweza kusema waone."

Akafunga khanga yake vizuri, akaondoka.

*

Kesho yake, Alhamisi, Melkizedeki alikwenda kwa Antipasi kuomba redio kwa mara ya mwisho. Alimkuta Dorkas uani anapepeta uwele.

"Hodi hapa."

"Karibu, shemeji. Mwenyewe hayupo, amekwenda Ikungi kwenye semina ya kuhimiza."

"Kuhimiza nini?"

"Hajasema. Huwa anarudi amehimizwa, hawezi kutembea."

Melkizedeki alikuwa anacheka macho yalipopanda juu. Juu ya paa la tembe, karibu na matikiti yaliyokatwa kukaushwa, palikuwa na betri za redio zimepangwa mstari zinaota jua. Alizihesabu. Sita.

"Mama," alisema taratibu, "zile juu ni nini?"

"Betri."

"Za nini?"

"Za tochi."

"Tochi gani inakula betri sita kubwa?"

Dorkas aliendelea kupepeta. "Tochi ya Mwenyekiti ni kubwa."

"Inaimba?"

Dorkas aliweka ungo chini. Alijaribu kuuma mdomo, kicheko kikamponyoka. "Jumapili ilitangaza mpira," alisema. "Analala nayo chini ya blanketi, sauti ndogo, sikio limebanwa. Mimi mkewe wa miaka kumi na minne sijawahi kusikilizwa hivyo."

Melkizedeki alikaa juu ya kinu.

"Miezi mitano," alisema. "Watu wamekwenda mwezini, wakarudi, na sisi hapa hatujui mwenyekiti ana nini kitandani. Na hizo betri mwambie kuzianika ni sawa na kumpa mgonjwa uji. Atakaa kitako, lakini kulima hatalima."

"Mwambie mwenyewe. Ichukue, si ni yako? Iko ndani."

Alisimama. Mlango ulikuwa wazi. Hatua sita tu. Kisha akakaa tena.

"Nikiichukua leo, Jumamosi nitaitwa mwizi. Na mwizi hata akisema kweli hasikilizwi. Lazima itoke mbele ya watu."

"Itolewe na nani?"

Melkizedeki alimtazama yeye, kisha mlango.

"Aa," Dorkas alisema. "Ndiyo maana leo nimekuwa mama. Siku zote huniita shemeji."

"Wewe unataka mke mwenza?"

"Nani kaniuliza ninachotaka? Ile karatasi ya Stumai ilipigwa mhuri juu ya meza yangu ya chakula. Niliambiwa nisogeze bakuli." Aliokota ungo. "Nenda, fundi. Sikuahidi kitu. Mimi ndiye nitakayebaki humu ndani na yeye, si wewe."

*

Stumai alimkuta kisimani, au labda yeye ndiye aliyemsubiri pale.

"Haijafa," Melkizedeki alimwambia kabla hata ya salamu. "Redio. Nimeona betri zake kwa macho yangu. Nikiipata mkononi, saa kumi kamili watasikia wote, na Antipasi atajua kwamba kitu cha mtu..."

"Melkizedeki." Hakuwa na kawaida ya kumwita jina. "Nataka kuuliza. Unaniokoa mimi, au unaiokoa redio yako?"

"Si ni jambo moja?"

"Kwako ni moja." Aliingiza ndoo kisimani. "Mwaka mzima nimekuja kwenye kibanda chako. Umenieleza habari za mwezini. Umenieleza ya daktari aliyemtia mtu moyo wa maiti. Umeniambia kwamba Nairobi kuna redio inayoonyesha sura."

"Nikasema haina maana. Sura ya msemaji haiongezi ukweli."

"Ulisema. Hukusema hata siku moja, Stumai, nataka uwe mke wangu. Antipasi mbaya, mwongo, lakini yeye amesema. Kwa mhuri."

Melkizedeki aliinama akatazama maji.

"Nilimzika Anastazia," alisema. "Nikajiambia, nisimwite mtu mwingine kuja kufa kwenye nchi ambayo gari linabeba wageni."

"Kufa nitakufa popote. Nauliza habari za kuishi." Alijitwisha ndoo. "Jumamosi nitakuja. Sijui nitasema nini. Lakini usije ukanitafutia mume redioni."

*

Jumamosi uwanja ulijaa. Antipasi alisoma taarifa ya shamba la pamoja, halafu ya vyoo, halafu akakohoa, akavuta shati.

"Sasa tunaingia jambo la ukoo. Ndugu Stumai, simama uonekane. Wazee wapo, pombe ipo. Mila zetu hazina mgogoro."

Stumai hakusimama. Melkizedeki ndiye aliyesimama.

"Mwenyekiti, naomba kabla ya hapo, redio ya kijiji iletwe."

"Fundi, redio imekufa. Tumeshalisema hilo."

"Basi uletwe mwili. Hata maiti huonyeshwa kwa ndugu zake."

Watu wakacheka. Antipasi hakucheka.

"Kaa chini. Unavuruga mkutano."

"Tangu lini imekufa?"

"Mwezi wa tatu."

"Na mpira wa Jumapili ulitangazwa na nani? Na panya?"

Antipasi akamtazama mgambo mmoja, na mgambo akaanza kunyanyuka. Hapo ndipo watu waliposikia muziki. Ulikuwa mdogo, umebanwa pua, lakini ulikuwa gitaa la dansi. Ulikuwa unatoka kwenye nyumba ya Mwenyekiti na ulikuwa unakuja. Dorkas aliibeba redio kifuani kwa mikono miwili, akapita katikati ya watu, akaiweka juu ya meza, juu ya makaratasi ya mumewe.

"Imefufuka," alisema. "Nimeona niwaletee."

Hakuna aliyecheka mara hii. Miezi mitano ni mingi.

Mzee mmoja wa ukoo, Kefa, akauliza, "Antipasi, hii ndiyo uliyosema inasubiri mtu wa wilaya?"

"Ilikuwa matengenezoni."

"Kitandani?" Dorkas aliuliza.

Melkizedeki aliizima kwanza. "Wazee, betri hizi zimeanikwa, hazina maisha marefu. Saa kumi kuna habari inayomhusu huyu mama. Nawaomba tukae kimya mpaka hapo. Kama nimesema uongo, mnifukuze."

"Hatuamuliwi na redio hapa," Antipasi alisema.

"Ulipoichukua kwangu ulisema redio ni sauti ya serikali," Melkizedeki alijibu. "Ukasema asiyeisikiliza ni mpinzani. Nani mpinzani leo?"

Mzee Kefa akasema wasubiri. Wakasubiri. Jua lilikuwa kali, watu hawakuondoka. Kivuli cha mti wa bendera kilipogusa jiwe la tatu, ambalo kijiji kizima kilijua ni saa kumi, Melkizedeki aliiwasha. Ilikoroma. Akazungusha kitufe cha mawimbi kwa ncha za vidole, na sauti ya mwanamke ikaja, safi, kama yuko nyuma ya meza.

"...na wengi mmetuandikia kuuliza juu ya wajane. Sheria ya ndoa inasema hivi. Hata kama mila yoyote inasema vinginevyo, mwanamke aliyefiwa na mumewe atakuwa huru..."

Sauti ikazama. Melkizedeki akagonga kisanduku, akazitoa betri, akazisugua kwenye suruali, akazirudisha. Ikatoa mlio mmoja wa mbu, ikanyamaza.

Antipasi alirudiwa na damu usoni. "Mmesikia? Huru. Huru kufanya nini? Haikusema. Huru kurithiwa, labda."

Melkizedeki aliinua mkono. "Mimi nilisikia mwisho wake kwa Manase. Ilisema..."

"Kaa," Stumai alisema.

Alikuwa amesimama. Melkizedeki akakaa.

"Hata wewe usinisemee. Shikamooni, wazee wangu."

"Marahaba."

"Mwenyekiti anauliza, huru kufanya nini. Hilo nalijua mimi. Damiani nilimwuguza miezi minane, nikamwogesha, nikamfumba macho. Mdogo wake alikuja mara mbili, mara ya pili kuja kupima shamba. Leo anataka kumwinulia jina. Jina la Damiani halijalala, mimi nalitaja kila siku." Akamgeukia Antipasi. "Shemeji, sikutaki. Kama sheria ingenyamaza nisingekutaka. Kama mila ingeniapiza nisingekutaka. Sasa piga mhuri hapo."

"Utakula nini, mwanamke?"

"Ninacholima. Ndicho unachokula na wewe."

Kina mama wa upande wa kushoto walipiga kigelegele, Dorkas mmoja wao. Mzee Kefa aliinamisha kichwa, akamwambia jirani yake kwamba pombe itanywewa tu, haina makosa.

Stumai hakukaa. Aligeuka mpaka akamwona fundi.

"Na wewe. Redio imenyamaza. Nakusikiliza."

Watu mia tatu walimtazama. Melkizedeki alisimama, kofia mkononi.

"Stumai," alisema, "nakutaka uwe mke wangu. Sina ng'ombe, nina redio tatu na zote ni za watu. Nina domo. Na usiku mwingine nitamtaja Anastazia, uniwie radhi."

"Na mimi nitamtaja Damiani."

"Basi tutakuwa wanne."

"Nyumba ipanuliwe," alisema Stumai, na hapo ndipo alipocheka.

Antipasi alikuwa anakusanya makaratasi yake. "Fundi, ukimchukua huyu, kijiji hiki utahama."

"Nilihamishwa mara moja, nikapandishwa lori na mke wangu akiwa na mimba," Melkizedeki alisema. "Mtoto hakuzaliwa, mke hakupona. Hapa nimezika. Lete lori lako, ulipakie hilo kaburi kwanza, ndipo uniite."

Antipasi akabana makaratasi kwapani, akaenda zake.

Ndoa ilitangazwa kanisani Ihanja Jumapili tatu. Jumapili ya tatu padre aliuliza kama yupo mwenye kizuizi, akasubiri kama ilivyo ada. Antipasi alikuwa benchi la mbele, la wakubwa, kofia magotini. Stumai hakuinama kama wachumba wanavyofundishwa kuinama. Alimgeukia, akamkazia macho, akamngoja aseme. Aliyeinama alikuwa Mwenyekiti.