Dakika Kumi na Nane za Mokami

Kwa jina la Mola aliyemuumba mwanadamu kwa udongo akamfundisha kubainisha, akawaumba majini kwa ulimi wa moto usio na moshi akawapa masikio makali kuliko yetu. Sifa zote ni Zake. Na rehema ziwafikie waliotangulia, ambao maneno yao ni amana vifuani mwetu.

Ama baada ya hayo, habari hii asili yake ni Nyarero, katika nchi ya Wakurya, wilaya ya Tarime. Nimeipokea kwa Shani, muuguzi wa zahanati, mzaliwa wa Kondoa, aliyeiona kwa macho yake. Na mwisho wake nimeupokea pia kwa mzee Werema, aliyekiongoza kikao cha ukoo. Hawakupishana ila katika hesabu ya ng'ombe waliokuwa wakila karibu na kikao, jambo ambalo halina uzito.

Alikuwako mwalimu wa historia, jina lake Ponsiano, aliyeletwa na ajira kutoka Karagwe. Baada ya vipindi vya shule alikuwa akirekodi masimulizi ya wazee na kuyatoa kama podikasti katika programu ya simu iitwayo Sikiza. Walimsikiliza watu wengi, hata wa ng'ambo ya mpaka wa Sirari, na jambo hilo lilimpendeza kupita kiasi.

Jumatatu moja ya mwezi Juni, programu ile ilijisasisha. Kioo cha simu kikamwonyesha mambo mapya: sasa Sikiza itakata ukimya, ili vipindi viwe vifupi bila kupoteza neno; sasa maneno yataandikwa chini ya sauti, pamoja na jina la kila msemaji; sasa msikilizaji ataendelea pale alipoishia, kwenye simu yoyote. Ponsiano akafurahi. Akavitazama vipindi vyake akaona vyote vimepungua, hiki dakika moja, kile mbili.

Kimoja tu kilikuwa kimerefuka. Kipindi cha bibi Mokami, alichokitoa kikiwa na dakika thelathini na nne, sasa kilisomeka thelathini na saba.

Alijiambia kuwa ni hitilafu. Lakini hakukifungua, na alikuwa na sababu ya kutokukifungua.

Mokami alikuwa mjane asiye na mtoto. Kwa desturi ya Wakurya iitwayo nyumba ntobhu, alitoa mahari akamwoa mwanamke mwenzake, Robi, ili watoto watakaozaliwa na Robi wawe watoto wa mji wake, yaani boma lake, na warithi wake. Walizaliwa wanne, wa kwanza Tabitha. Lakini Heche, mtoto wa shemeji yake, aliutaka mji ule, na mabonde yake, na kisima chake. Basi mwezi Januari, alipohisi mwili unamuaga, Mokami alimwita mwalimu.

"Mwalimu," alimwambia, "nikifa, Robi watamwambia mwongo. Lakini sauti yangu mwenyewe, nani ataibishia?"

"Hakuna, bibi."

"Basi usinikate. Nikinyamaza, usidhani nimesahau. Niache ninyamaze. Wako wanaonisikiliza." Na kila alipofika kituo katika maneno yake, aligonga sakafu kwa fimbo mara tatu, akasubiri, kana kwamba anaitikiwa, ndipo akaendelea. Alimshikisha Ponsiano ncha ya fimbo ile, naye Ponsiano akaapa.

Masimulizi yalikuwa dakika hamsini na mbili. Mwishoni alisema: "Heche nimemlea kama wangu wa kumzaa. Ameniomba mji huu. Nimekataa. Mji ni wa Robi na watoto wake." Mwezi Machi akafariki.

Kabla kipindi hakijatoka, Heche alifika kwa mwalimu, akakaa, akaikunja miguu.

"Mwalimu, milango ya wazee hapa Nyarero alikufungulia nani?"

"Wewe, Heche."

"Na ikifungwa? Utarekodi mbuzi?" Akacheka. "Mura, kijana, hayo ya mwisho ni mambo ya ndani. Wasikilizaji wako watachoka bure."

Ponsiano akaikata rekodi. Aliondoa vituo vyote na mapigo yote ya fimbo, na mwisho akauishia pale penye "kama wangu wa kumzaa". Kisha akaifuta rekodi ya awali, isipatikane tena.

Robi alimkuta kisimani siku ya pili baada ya kipindi kutoka. "Mwalimu, nilikuwa nimekaa mlangoni siku ile. Maneno ya mwisho yako wapi?"

"Mama Tabitha, kipindi kina muda wake."

"Na mimi nina watoto wanne, Mwalimu," alisema Robi, akajitwisha ndoo yake, akaondoka.

Sasa Heche alikuwa ameitisha kikao cha ukoo siku ya Jumamosi, sauti ya marehemu isikike mbele ya wazee, na Robi aambiwe ahame.

Jumanne kipindi kikasomeka dakika arobaini. Jumatano, arobaini na tatu. Ponsiano hakuweza kuvumilia zaidi. Saa sita mchana, ofisi ya walimu ikiwa tupu na jua likiwaka juu ya bati, aliweka visikilizio masikioni akapeleka sauti moja kwa moja kwenye dakika ya thelathini na nne. "Nimemlea kama wangu wa kumzaa," alisema Mokami. Hapo ndipo palipopaswa kuwa mwisho. Badala yake ukaja ukimya, na ndani ya ukimya mtu akivuta pumzi, na ofisi ile ikajaa harufu ya kibuyu cha maziwa kilichofukizwa kwa moshi, harufu ya nyumba ya marehemu. Kisha mapigo matatu. Ponsiano alivitoa visikilizio. Mapigo yakaendelea, chini ya saruji, usawa wa nyayo zake.

Akatazama kioo. Maandishi yalikuwa yakijiandika taratibu, na jina la msemaji halikuwa Mokami.

"MWENZAKE: Nilizaliwa naye. Nilimwitikia miaka themanini na moja, na hakuna aliyetukatiza. Ulichomkata yeye, nitakukata wewe."

Hapa yafaa nieleze, asije mtu akadhani kuwa wafu hurudi. Wafu hawarudi; wamezuiliwa hadi siku ya kufufuliwa. Lakini wanazuoni wametufundisha kwamba kila mwana wa Adamu amewekewa mwenzi wa kijini, karini, anayekuwa naye tangu kuzaliwa, akiyasikia aliyoyasema na aliyoyanuia. Mtu hufa, karini hubaki, na umri wao ni mrefu kuliko wetu. Wakurya wa Nyarero walisema ni mzimu. Majina yalitofautiana, hofu ilikuwa moja.

Alhamisi asubuhi Ponsiano aliingia darasani akaanza kufundisha, na alipofika mwisho wa sentensi ya kwanza hakupaona mahali pa kusimama. Kituo kilikuwa kimeondolewa. Neno lililofuata lilikwisha kuwa mdomoni mwake kabla la nyuma halijatoka, na baada ya hilo jingine, na jingine, akafundisha vita akafundisha mikataba akataja majina ya wanafunzi na ya ndugu zake wa Karagwe na bei ya sukari na sala ya Baba Yetu pasipo kuvuta pumzi ila kwa kuiba kidogo katikati ya silabi kama mtu anayezama, na wanafunzi waliocheka mwanzoni wakanyamaza, kisha wakatoka mmoja mmoja kwa kurudi kinyumenyume, naye akawafuata uani akizungumza, mishipa ya shingo imesimama, machozi yakimtiririka, akiomba kwa macho kile ambacho ulimi wake haukumpa nafasi ya kukiomba.

Walimpeleka zahanati. Shani alimpima joto; hana homa. Alimpa maji, yalimwagika kifuani, kwa kuwa mdomo haukufunga. Shani akafunga mlango, akaketi kando yake, akasoma Ayatul Kursiy kwa sauti ya chini. Aliniambia kwamba jambo lililomtisha kuliko yote si maneno ya mwalimu. Kile kitu kilisikiliza. Mapigo chini ya sakafu yalikoma tangu neno la kwanza la aya mpaka la mwisho, kwa adabu kamili, na alipomaliza yakagongwa tena, matatu, kama yanayoitikia.

"Kaka Ponsiano," alinong'ona, "huyu hafukuziki. Huyu anadai. Umemdhulumu nani?"

Na ndani ya mafuriko yale ya maneno yakapita ya kweli: kisima fimbo Heche nimekata nimefuta Robi watoto wanne nimefuta.

"Basi kisomo changu hakitakufaa," alisema Shani. "Haki ya mtu haifutwi kwa dua. Irudishe."

Hakuirudisha. Alikuwa akimwogopa Heche, na aliiogopa zaidi aibu. Ijumaa alitoroka, akiwa amejifunga kitambaa mdomoni, akaenda Mugumu, na kutoka Mugumu akatembea hadi bwawa la Manchira, akitumaini kwamba kando ya maji mapana yale angepata ukimya. Simu yake aliiacha Nyarero. Alikaa kwenye majani akibwabwaja chini ya kitambaa. Mwanamke mmoja asiyemjua, aliyekuwa akijaza madumu, alisimama ghafla akaitoa simu yake kwenye mkunjo wa kanga.

"Kaka," alisema polepole, akiinyoosha mbali na mwili wake, "mimi programu hii sina. Lakini imeandika Ponsiano. Ndiwe?"

Sauti ikaendelea pale alipoishia. Harufu ya kibuyu kilichofukizwa ikapita juu ya bwawa, na mapigo matatu yakatoka chini ya maji, yakisogea. Kipindi kilisomeka dakika arobaini na tisa. Mwanamke alikuwa hajui kusoma kwa haraka, akakisoma kioo neno kwa neno, kama mtoto wa shule: "Rudi. Kesho. Atamaliza. Kusema."

Ponsiano akarudi.

Jumamosi saa nne asubuhi wazee walikaa katika mji wa marehemu. Robi alikaa chini, watoto wake wanne nyuma yake, vyombo vyao vimekwisha tolewa nje kwa amri ya Heche. Fimbo ya Mokami ilikuwa imetundikwa juu ya mlango. Heche aliunganisha simu yake na spika ndogo, akiwa amevaa koti.

"Wazee wangu, shikamoo. Sina maneno mengi. Mama mwenyewe ataongea."

Mama aliongea dakika thelathini na nne. Aliposema "nimemlea kama wangu wa kumzaa", Heche akatabasamu, akabonyeza kuzima.

Spika haikuzimika. Ukaja ukimya.

"Mura, zima kitu hicho," alisema mzee Werema.

"Tata, baba yangu, nimezima."

Wakangoja, na hakuna aliyethubutu kuinuka. Ukimya ule wa Januari ukarudi wote, kituo baada ya kituo, ukalala juu ya ua, ng'ombe wakaacha kula na kuku wakajilaza, na katika kila kituo fimbo iliyotundikwa juu ya mlango, isiyoguswa na mtu, ikagonga kizingiti mara tatu, na chini ya vigoda vya wazee kitu kikaitikia mara tatu, kwa karibu sana, hata mzee Werema aliihisi mitetemo katika mifupa ya mapaja yake. Na hivyo ikawa hadi dakika ya mwisho, ndipo sauti ya Mokami ilipotoka, imetulia, haina haraka:

"Ameniomba mji huu. Nimekataa. Mji ni wa Robi na watoto wake."

Hapo Ponsiano, aliyekuwa akibwabwaja kwenye ua wa minyaa, akakirarua kitambaa akapiga magoti. "Ni mimi niliyekata nilishika fimbo nikaapa nikakata," alisema, na baada ya neno hilo akaweza kutua. Akavuta pumzi. Ilikuwa ya kwanza iliyo kamili tangu Alhamisi.

Heche alifungua mdomo kupinga. Mdomo ulifunguka, haukutoa kitu. Aliujaribu tena, mishipa ikimtoka, akapiga kifua, akaelekeza kidole. Juu ya kioo cha simu mkononi mwake yaliandikwa maneno ambayo Werema aliyasoma kwa sauti:

"MWENZAKE: Amemaliza. Ukimya wake nakupa wewe."

Robi akainuka, akachukua sufuria yake ya kwanza, akairudisha ndani.

Heche hajasema neno hadi leo. Hospitali zimempima koo, halina ugonjwa. Ponsiano aliacha podikasti, akahamishwa kwa maombi yake, na anafundisha vizuri. Lakini wanafunzi wake wa mbali, wasiojua lolote la Nyarero, wameulizana kwa nini mwalimu wao huogopa kunyamaza, na kwa nini, kila anapofika kituo, kuna kitu kinachogonga sakafu mara tatu, kikimsubiri amalize.

Nanyi mliosikiliza bila kunikatiza, Mola awape umri wenye baraka, na warithi watakaoyafikisha maneno yenu yakiwa kamili. Na mtakaponyamaza, aujaalie ukimya wenu uwe wenu peke yenu. Amina.