Ko, Ko mu Depo ya Mususa

Hii ilimufikia Kahindo, rafiki yangu wa kule Mususa. Yeye na bwana yake Maliro balikuwa banapima kengele za moto mu madepo ya bidhaa. Kahindo alikuwa anamufungia Maliro mu chumba ya mwisho, kisha anaenda kubonyeza kengele kwa mulango mukubwa. Akisikia, bwana anagonga: ko, ko. Kisha Kahindo anarudi kumufungulia na funguo.

Siku moja, Maliro akiwa mule, moto ya kweli ikashika. Moshi ikamusukuma Kahindo inje, funguo mu mukono. Kisha, mu majivu, habakuona hata mufupa ya Maliro.

“Alipitia dirisha,” Kahindo alikuwa anatuambia. “Yeye iko Kyavinyonge, kule ku ziwa, anauzisha samaki.”

Nani angemunyanganya ile tumaini?

Depo ikajengwa upya, bakamuita apime kengele. Ilikuwa muchana, lakini courant ya umeme ilikatika, na ndani giza ilijaa. Akabonyeza kengele ya pile, ile ya betri. Ikalia.

Ko, ko.

“Baba Kasika, umetia mutu kule nyuma?” Kahindo akamuuliza sentineli, mulinzi wa depo.

Sentineli akacheka. “Mutu gani, mama? Ile chumba ya mwisho habakuijenga tena. Pale ni ukuta tu. Unaota muchana?”

Kahindo akatoa pile. Kengele ikanyamaza. Akaenda kuweka sikio ku ukuta, akaita polepole:

“Maliro, si uko Kyavinyonge?”

Ukuta ikagonga. Hapana mara mbili tena. Ikagonga mbio mbio, bila kupumua, sawa mutu mwenye angali anangojea bamufungulie.