Kiti cha Nkambo Mushiya

Kila asubuhi kabla ya shule, Kanku alitembea uani na nkambo yake, mama mzazi wa baba yake: hatua kumi kwenda, kumi kurudi. Wiki sita zilikuwa zimepita tangu nkambo Mushiya afanyiwe upasuaji Lubumbashi. Nyonga yake iliyoharibika ilitolewa, akawekewa ya chuma. Aliegemea magongo, jasho likimtiririka.

"Tuongeze mbili, mama," nkambo alimwambia mjukuu wake. "Mi nataka kulima shamba yangu mbele ya mvua kuanza."

Tata Barnabé, muuguzi wa mazoezi, aliwakataza jambo moja kwa ukali: "Asikae chini, asichuchumae. Nyonga itachomoka." Kwa hiyo tata Mathieu, seremala wa mtaani, aliirefusha miguu ya kiti kimoja cha zamani. Kiti kilikuwa kirefu na kibaya, lo! Kazi ya Kanku ilikuwa kukibeba popote nkambo alipokwenda.

Siku moja udongo ulimfukia Stany, mtoto wa jirani yao mama Blandine, akichimba madini kwenye machimbo ya Mutoshi, akafa. Kilio kikawekwa.

"Blandine alinipikia siku zote za ugonjwa," nkambo alisema. "Lazima niende. Beba kiti."

Kanku akasita. Kwenye kilio wanawake wote hukaa chini, juu ya mikeka, na anayetafuta kiti huonekana ana majivuno. Tena Rachelle, mwanafunzi mwenzake, alishamcheka: "Nkambo yenu eko mufalme?" Kanku aliona aibu. Akakificha kiti nyuma ya choo.

"Kiti kimevunjika, nkambo," alidanganya.

Nkambo alienda hivyo hivyo, Kanku nyuma yake. Alisimama ukutani muda mrefu, miguu ikitetemeka, mpaka wanawake wakamsogezea nafasi. Akaitazama mikeka. Kisha akakaa.

Alipiga kelele ambayo Kanku hataisahau. Mguu ulikuwa umejipinda kwa ndani, umekuwa mfupi kuliko mwenzake. Mama Blandine aliacha kumlilia mtoto wake, akaja kumshika nkambo kichwa.

Hospitalini walimpa nkambo dawa ya usingizi, wakairudisha nyonga. Daktari akasema mazoezi yaanze upya, na shamba lisubiri mwaka mwingine. Nkambo aligeukia ukuta akalia.

Baba, aliposikia kwamba kiti kilivunjika, alikasirika sana. "Huyu Mathieu alitutengenezea kiti gani? Leo atanijua!"

Alikuwa tayari mlangoni Kanku alipomshika shati.

"Baba, kiti ni kizima. Mi njo nilikificha, mi mwenyewe. Niliogopa batu watatucheka."

Baba aliuacha mlango, akaketi kwenye kitanda cha pili kilichokuwa kitupu.

Wiki kadhaa baadaye, siku ya kumaliza matanga, nkambo alifika kwa magongo, Kanku nyuma yake na kiti kichwani. Wanawake waligeuka kutazama. Mama Blandine aliinuka, akakipokea kiti, akakiweka katikati ya mikeka.

"Kaa, mama," alimwambia nkambo. Halafu akamtazama Kanku, maana habari ya kiti alishaisikia. "Siku ile nilikuwa namulilia Stany. Unazani macho yangu yangeona kiti?"

Kanku aliinamisha kichwa, machozi yakamtoka. Nkambo akamvuta karibu.

"Usiogope macho ya watu mpaka umdanganye anayekutegemea," alisema. "Mi nilikuamini, nikakaa chini. Lakini ulisema ukweli kabla Mathieu hajaonewa, na hiyo nimeiona. Kesho tunatembea hatua sita."