Ncha ya Pembe Juu ya Hita

Kila dhoruba ikitulia, mimi na jirani yetu, Mzee Krelis, hushuka ufukweni kuchambua mchanga ambao meli huunyonya kutoka chini ya bahari na kuumwaga hapo. Jumanne hiyo nilibahatika mimi. Niliokota ncha ya mkuki ya pembe ya kulungu, ndefu kama kidole, yenye meno upande mmoja. Wawindaji wa kale waliichonga wakati bahari yetu ilikuwa bado nchi kavu.

"Una bahati wewe, Sietske!" alisema Krelis. Aliigeuza mkononi mara nyingi mno. Hakuwa na haraka ya kuirudisha, nami niliona.

Jumamosi wataalamu wa makumbusho wangekuja kuandikisha vitu vilivyookotwa. Niliiweka ncha yangu juu ya hita ya kupashia sebule joto ili ikauke. Jumatano niliporudi kutoka shuleni, hita ilikuwa tupu! Bibi, ninayeishi naye, alikuwa ameenda kwenye kwaya. Mezani palikuwa na vikombe viwili vya kahawa, na kando ya kimoja, majivu ya kiko. Nani mwingine mtaani anavuta kiko?

Nilitoka mbio mpaka mlangoni kwake.

"Nipe ncha yangu!"

"Hata salamu hakuna leo?"

"Salamu ya nini kwa mwizi?"

Majirani wawili waliokuwa wakiosha madirisha waligeuka. Uso wa Krelis uliiva. Aliingia ndani, akarudi na kijisanduku. Ndani yake mlikuwa na vipande vya pembe vilivyochanika kama kuni.

"Hii niliiokota nikiwa na umri wako, nikaianika juu ya jiko. Pembe iliyolala majini miaka elfu nane ikikaushwa haraka, hupasuka. Yako nimeifunga kitambaa kibichi. Iko kwenye friji yenu, nyuma ya mtungi wa samaki wa siki. Nilimwambia bibi yako akwambie."

"Lakini Bibi hayupo..."

"Si ungemsubiri?"

Nilikwenda kutazama. Ilikuwepo, nzima, haijapungua jino. Jamani, niliona aibu! Nikarudi, na mbele ya majirani wale wale nikapaza sauti: "Mzee Krelis si mwizi. Nimemsingizia. Naomba unisamehe, Mzee."

"Nimekusamehe," alisema, akifunga kijisanduku chake. "Ila siku nyingine uliza kwanza, Sietske. Mimi nimejaribu gundi za kila aina kwenye pembe hii, na haijaunganika. Na jina la mtu likipasuka ni hivyo hivyo."