Nilirekodi Kelele Zangu Juu ya Sauti ya Marehemu

Nina miaka kumi na saba, niko kidato cha tatu katika shule moja ya kutwa huku Kericho, na kwa kuchekesha watu sikuwa na mpinzani. Mwalimu wa zamu akikohoa, mimi nilikohoa kama yeye mpaka paredi yote ikaangua kicheko. Lakini siku hizi nakaa dawati la nyuma peke yangu, na mizaha imeniisha... Hata nikijaribu, hakuna anayecheka.

Rafiki yangu alikuwa mmoja tu, Kiplang'at. Baba yake alifariki tukiwa darasa la sita. Mimi nalelewa na nyanya yangu, tunayemwita Kogo. Kati ya boma letu na lao kuna shamba la chai tu, na kijia tulichokichimba kwa miguu yetu.

Mambo yalianza na bendi moja ya Sweden. Ndiyo, Sweden! Fundi wa simu pale Londiani alinijazia nyimbo kwenye memori kadi, na zao zikaingia katikati ya zile za injili. Wanapiga kitu kinaitwa black metal. Nyuso wamepaka chokaa na masizi, gitaa zinavuma kama nyuki waliochokozwa, na mwimbaji analia kama nguruwe aliyeona kisu. Kogo aliposikia alitoka nje mbio kuangalia ng'ombe. Nilicheka mpaka nikakaa chini!

Kucheka kukageuka kupenda. Nikasoma historia yao yote. Vijana wanne wa mji mdogo wenye baridi. Kaseti yao ya kwanza waliirekodi katika stoo ya viazi. Stoo ya viazi, jamani! Si hao ni watu wa kwetu kabisa? Baada ya albamu ya pili, mpiga ngoma akaenda zake. Baada ya ya tatu wakakosana, wakatawanyika. Ya nne mwimbaji aliirekodi peke yake, kila chombo mwenyewe, na wimbo wa mwisho hauna mtu. Ni upepo tu, dakika kumi.

Nikamwambia Kiplang'at, "Huyu jamaa alienda choo akasahau kuzima mashine."

Tukaamua na sisi tuwe bendi. Lakini mimi sikutaka kurekodi kwa simu. Waswidi walianza na kaseti, basi na sisi kaseti! Radio ya kaseti Kogo alikuwa nayo. Kaseti tupu je, mtu ataitoa wapi siku hizi?

Siku moja Mama Chelang'at, mamake Kiplang'at, alinituma sukari kabatini. Chini ya Biblia nikaona mkebe wa majani chai, na ndani yake kaseti isiyo na maandishi. Vile vimeno viwili vya plastiki mgongoni vilikuwa vimevunjwa. Nilijua maana yake. Mtu akivivunja, hataki chochote kirekodiwe tena juu ya kilichomo... Nilijua! Lakini pia nilijua kwamba ukiziba yale matundu kwa karatasi ya peremende, radio inakubali.

Niliiba. Kiplang'at nilimwambia nimeinunua sokoni.

Tulirekodi Jumapili baada ya kanisa, katika banda la kupimia majani chai, maana hapakuwa na mtu. Yeye alipiga mitungi ya plastiki, mimi gitaa la vijana wa kanisa lenye nyuzi nne, na koo. Nililia mpaka nikatema damu kidogo. Tulipomaliza mvua ikaanza kugonga mabati, nami nikasema tusizime, tuiache imalizie upande wote kama ule upepo wa Waswidi. Tukakaa kimya, bega kwa bega, tukisikiliza mvua. Sijawahi kuwa na furaha kama ile.

Nikahamishia kelele zetu kwenye simu, nikairudisha kaseti mkebeni. Nani angejua?

Desemba ikafika koito ya dada yake, Chelang'at. Kwetu hiyo ndiyo siku wazee wa pande mbili hukaa kupatana mahari na kubariki. Mama Chelang'at alimwomba Kogo radio. Mimi mwenyewe ndiye niliyeibeba... Mimi mwenyewe!

Wazee walipoanza kunywa mursik, maziwa yetu ya kibuyuni, mama akasimama na ule mkebe mkononi. Akasema, "Baba yao alijua hataiona siku hii. Alimbariki Chelang'at akiwa kitandani hospitalini. Tangu tumzike sijaisikiliza, nimemwekea mwenyewe."

Akabonyeza.

Wasomaji wenzangu, mmewahi kutamani ardhi iwameze? Nguruwe akalia nyumba nzima! Mitungi ikafuata. Mzee mmoja wa upande wa bwana harusi akamwaga maziwa. Chelang'at akaziba uso. Kiplang'at akaitambua ngoma yake mwenyewe, akageuka, akanitazama.

Mjomba wake akaona alivyoshtuka, akamshika shati. "Ni wewe! Kumbe ni wewe umemzika baba yako mara ya pili?"

Kiplang'at alingoja niseme. Nikanyamaza. Mimi ambaye mdomo haujawahi kufungwa na mwalimu yeyote, nikanyamaza!

Siku ya tatu ndipo nilipokwenda kukiri. Mama Chelang'at hakunipiga. Aliniketisha, akaweka kaseti ile kwenye radio ya Kogo. Tukasikiliza upande mzima, kelele zangu zote, halafu mvua... mvua... mvua. Mwishoni kabisa kitu kikalia tak! Ni pale nilipozima nikidhani upande umeisha. Mwanamume akakohoa, akasema kwa Kikipsigis, kwa sauti ya uchovu, "Basi. Zima sasa."

Kaseti ikaisha.

Mama akairudisha nyuma kidogo. "Basi. Zima sasa." Akairudisha tena. Sikuhesabu mara ngapi. Kisha akaniambia bila kunitazama, "Enda nyumbani, kijana. Radio iache."

Januari Kiplang'at alihamia kwa mjomba yule, huko Siongiroi. Siku ya kuondoka nilimngoja kwenye kijia chetu. Akapitia barabarani. Sasa majani ya chai yanakifunga kile kijia, na mimi sina moyo wa kuyapogoa.

Ndugu zangu wapenda mizaha, nawasihi. Kitu ambacho mtu amekifungia, muulize kwanza. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo, kabla mwenzako hajashikwa shati kwa ajili yako. Mimi nilichelewa siku tatu tu, angalieni nilipo.

Ule wimbo wa upepo bado ninao kwenye simu. Nausikiliza mpaka mwisho. Yule Mswidi hakusahau kuzima. Alikuwa anangoja mtu aingie amwambie, "Basi. Zima sasa."