Jiwe ya Visigino

Munanikamua hii hadithi kama vile mutu anakamua jipu, kila jioni munairudilia. Haya. Kesho asubuhi mukiogopa kuoga, musiniletee harufu yenu hapa.

Gisèle alikuwa bibi ya Edouard kule Muhumba, mutaa ya watajiri, anatumika mu ONG, shirika ya musaada, marashi inamutangulia mulangoni. Kitu kimoja tu alikuwa anapenda kuliko kioo yake: mutoto wao Chancelle. Kila asubuhi alimupaka mafuta mashavuni na viganja vyake mwenyewe, pole pole, yaya hakuwa na ruhusa.

Mama ya Edouard, mama muzee Marie-Louise, alikuwa anaishi nao; Chancelle anamwita Koko. Mwanamuke wa jembe, visigino vyake vimepasuka kama barabara ya Kamituga. Kila asubuhi alivisugua mu dushi, mule wanaogea, na jiwe yake nyeusi ya volkano: kwaru, kwaru, kwaru. Ile sauti ilimukera Gisèle mpaka mu mufupa.

Siku moja mama muzee akateleza mu dushi ku karo, vile vigae vya chini, akavunjika kiuno. Akaita: "Gisèle, mwanangu, niinue." Gisèle aliinuka mu kiti, kweli. Akapandisha radio. Edouard akirudi ku kazi, mama yake alikuwa baridi kuliko zile karo.

"Sikusikia kitu," Gisèle akasema, na ku kilio akalia kupita wote.

Kwetu, kitu yenye ilikuwa inasugua mwili wa mufu akiwa muzima inamufuata mu kaburi. Hata sisi wenye hatukusoma tunajua. Gisèle alikataa kuingia mu dushi kutafuta ile jiwe. Matanga haijaondolewa, akaita Zagabe, fundi wa madushi, alete zile pano, bamba kubwa nyeupe za resini, ukuta muzima kipande kimoja bila jointi, na chini vile vile.

"Maman, tuvunje karo kwanza," Zagabe akasema. "Na hapa mu kashimo ka sabuni muko jiwe."

"Usivunje kitu. Bandika juu."

"Na jiwe?"

"Papa Zagabe, nilikuita kubandika ao kuhubiri?"

Zagabe akapaka kole ya kugandisha, akasukuma pano, akafunga pembeni na silikoni. Jiwe ikabaki nyuma, mu giza. Dushi ikawa nzuri, siwezi kudanganya: nyeupe kama meno ya mutu mwenye anakuibia.

Kisha maji ikakatika ku avenue yote. Watu wanashuka na bidon kuchota maji ya ziwa ku lac, lakini dushi ya Gisèle inalowa. Robinet, bomba yenyewe, kavu; ni pano ndiyo ilikuwa inatoka jasho, na ile jasho inanuka sabuni ya mama muzee, na chini ya sabuni, miguu.

Asubuhi moja Edouard anakunywa chai, kikombe ikasimama njiani.

"Unasikia?"

"Ni panya," Gisèle akanong'ona.

"Panya haisugue visigino."

Abbé, padri wa misa, akaitwa, akamwanga maji ya baraka. Pano ikaikunywa yote, haikuacha hata tone.

Siku ya Yenga, wakiwa tayari kwenda misa, Gisèle akamutafuta Chancelle mu chumba, mu kuzini kwenye wanapika, ku baraza, akamwita na hakujibiwa, mpaka akasikia kwaru, kwaru mu dushi na sauti ya mutoto inacheka kidogo kidogo, akasukuma mulango akamukuta na robe yake ya misa amekaa chini mu maji yenye haikutoka popote, shavu limelala ku pano, mukono umeingia mu ukuta mpaka ku kiwiko, mule mule mwenye hamukuwa tundu, kama vile mutu anaingiza mukono mu ugali ya moto, na ile mukono inaenda na kurudi, inaenda na kurudi, kwa nguvu yenye haikuwa ya mutoto.

"Koko anasema nimusugue," Chancelle akasema. "Anasema wewe ulikataa kumuinua."

Gisèle akavuta. Ukuta ikaachilia na sauti kama ya midomo. Vidole vya mutoto vilikuwa vinatoka damu.

Edouard alikuwa nyuma yake mulangoni. Alienda Kabare, akaleta M'Murhula, muganga.

Ule mama muganga akaweka sikio ku pano, akaita Zagabe aing'oe. Mu kashimo jiwe ilikuwa imebaki ndogo kama mbegu ya haragi, imelala mu ngozi ya visigino, mbichi.

"Jiwe imeisha na miguu haijaisha kusuguliwa," M'Murhula akasema. "Kesho mama muzee atachukua mikono ya mutoto. Ao mwenye alimusikia atoe yake."

"Nani alimusikia?" Edouard akauliza, macho ku bibi yake.

"Ni mimi."

"Aliita mara ngapi?"

"Edouard, tafazali..."

"Mara ngapi?"

"Mpaka akanyamaza."

Gisèle akaingiza mikono mu kashimo. Kitu ikaishika. Kwaru, kwaru. Akalia: "Edouard, nitoe! Baba Chancelle, nitoe!" Edouard akaenda mu saluni ya wageni, akapandisha radio.

Mama muzee alienda. Hakuna mwenye amemusikia tena. Mikono ya Gisèle ilipona, lakini ilipona nyeusi, ngumu, matundu matundu, kama ile jiwe. Asubuhi ya kwanza alichota mafuta, akamushika Chancelle shavu, na shavu likapasuka. Alama iko mpaka leo. Sasa yaya ndiye anamupaka mutoto mafuta, na mama yake anaangalia kutoka mulangoni, mikono imefungwa mu kitenge.